Homa ya Mzee

Kila aliyeingia kwenye ile karakana, awe mwanafunzi, awe mteja aliyekokota baiskeli iliyokatika fremu, awe mkubwa wa makao makuu na tai yake, ilibidi kwanza amsalimie Mzee. Na Mzee hakuwa mtu. Alikuwa oveni ya kukaushia vijiti vya kuchomelea, sanduku la bati lenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, limewekwa kando ya mlango, rangi imebanduka, swichi moja ubavuni. Unaweka kiganja kwenye paji lake, na aliye ndani anakuuliza, "Mzee ana homa?" Unajibu, "Anayo." Anasema, "Basi salama." Hapo ndipo kazi inaanza.

Utaratibu huo aliuweka Mama Cheche, mkuu wa kile kituo cha mafunzo ya ufundi, na alikuwa na sababu. Vijiti vile vikinywa unyevu, chuma unachokiunga kinaota vitundu ndani kwa ndani. Kwa nje kinameta, kinapendeza, unapokea sifa zako, halafu siku ya siku kinapasuka na mtu yuko juu yake. Kwa hiyo Mzee hazimwi. Si usiku, si Jumapili, si sikukuu. "Siku Mzee akipoa, tumekwisha," aliwaambia wanafunzi, na wao kwa utani wao wakawa wanampigia shikamoo kabisa, na wengine wanamwomba radhi wakimkanyaga waya.

Mama Cheche alikuwa na miaka hamsini na sita, mikono imejaa alama ndogondogo za moto mpaka viwikoni, na alikuwa amechoka. Sisemi uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Nasema ule wa kukaa kitandani asubuhi umeshika kiatu kimoja, ukijiuliza cha pili cha nini. Miaka ishirini alikuwa amefundisha pale. Vijana mia moja arobaini na watatu walipita mikononi mwake, wakaingia hawajui tofauti ya msumari na kijiti, wakatoka mafundi wa kutegemewa. Mpaka hapo utadhani ni hadithi ya mwalimu mwenye bahati. Subiri kwanza.

Katika hao mia moja arobaini na watatu, waliobaki kwenye ule mji walikuwa wawili. Mmoja alifungua duka la soda na vocha na hataki hata kuiona nyundo. Wa pili alikuwa Kimya. Wengine wote waliishika barabara ya jijini wiki ileile waliyopata cheti, na nani awalaumu? Jijini kulikuwa na viwanda, bandari, maghorofa yanayoota kila mahali. Hapa kulikuwa na zahanati, shule, soko la siku mbili kwa wiki na vumbi.

Palikuwa na desturi moja nyingine. Mwanafunzi hapewi cheti mpaka afanye kazi ya kuaga: atengeneze kitu kimoja cha chuma, akiache mjini, ndipo aende. Mama Cheche alidhani ni wazo zuri, na mwanzoni lilikuwa zuri kweli. Lakini miaka ishirini si mchezo. Mji ukajaa vyuma vizuri visivyo na wenyewe, na watu wakaviita kwa majina ya utani ya waliovitengeneza. Benchi la zahanati likawa Mrefu. Geti la shule likawa Kicheko. Ngazi ya mnara wa tangi la maji ikawa Pacha. Utamsikia mama mtu mzima akilalamika, "Nimekaa kwenye Mrefu tangu saa mbili na daktari hajatokea!" Na vyuma, hata vikiungwa vizuri namna gani, vinaliwa na kutu. Kicheko aling'oka bawaba moja, na mama mzazi wa huyo Kicheko mwenyewe alikuwa akilisukuma lile geti kwa bega kila akienda kumchukua mjukuu, huku mwanawe akitengeneza mageti ya watu asiowajua, jijini.

Sasa Kimya. Kimya alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Mama Cheche. Mama yake alipofariki, mtoto alikuwa na miaka mitatu, na Mama Cheche wakati huo alikuwa jijini, fundi wa daraja la kwanza kwenye kiwanda kikubwa, mwanamke pekee kati ya wanaume sitini, anakula vizuri, anavaa vizuri. Akaacha. Akarudi kumlea. Hakuwahi kumwambia mtoto kwamba aliacha nini, na mtoto hakuuliza, maana hakuwa muulizaji. Jina la Kimya hakupewa bure. Huyu angeweza kufanya kazi nawe siku nzima, akasema "nipe koleo" na "asante", ukarudi nyumbani ukadhani mmezungumza.

Na mkono aliokuwa nao huyo binti! Mshono wake ulikaa kwenye chuma kama umechorwa. Alikuwa na cheti cha daraja la pili, alichopewa bila kazi ya kuaga kwa kuwa hakuwa akiondoka, na kwa cheti hicho makao makuu yalimkubali awe mkufunzi msaidizi. Tena tuseme ukweli, kwa miaka miwili ya mwisho ndiye aliyekuwa mkufunzi. Macho ya Mama Cheche yalishaanza kuingia ukungu. Akiwasha moto aliona mwanga tu, mstari hauoni. Hakumwambia mtu. Alisimama nyuma ya wanafunzi akisikiliza mlio wa kijiti, na kwa mlio alijua nani anakimbiza mkono na nani analala, lakini kuwaonyesha kwa vitendo, hapana, alimwachia Kimya. Kimya alijua, na kama kawaida yake hakusema.

Mwezi ule zilikuja barua mbili, wiki moja.

Ya kwanza ilitoka makao makuu. Kituo chenye mkufunzi mmoja kitafungwa mwisho wa mwezi, na vifaa vyake vitahamishiwa jijini, "ambako mahitaji ya mafunzo ni makubwa zaidi". Mama Cheche aliisogeza mpaka kwenye pua akaisoma mara mbili. Wakufunzi walikuwa wawili, yeye na Kimya. Kwa hiyo salama. Barua ya pili ilikuwa ya Kimya. Kampuni ya kujenga matangi ya mafuta jijini ilimtaka kazini, ilimradi apate daraja la kwanza kabla ya mwezi kuisha. Mtihani ulikuwa Alhamisi, palepale karakana, kwa vijiti vya Mzee. Akianguka, mtihani mwingine ni baada ya miezi sita, na kazi itakuwa ya mtu mwingine.

Jumapili jioni walikaa jikoni, kwenye vile vyumba viwili walivyopanga nyuma ya duka la mbao, wanachambua maharage.

"Mama mkubwa, barua umeisoma?"

"Ipi? Yako au yangu?"

"Zote."

"Nimezisoma. Yako imepigwa chapa vizuri zaidi."

Kimya akatabasamu, akatupa kijiwe nje ya dirisha. Wakachambua. Halafu akasema, na kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba, "Kule kwa mwezi mmoja wananipa ninachopata hapa miezi mitano. Na hapa mshahara wa mwezi uliopita bado haujaingia."

"Najua, mwanangu."

"Watu wananiletea masufuria, mama mkubwa."

"Na sufuria si chuma?"

"Sufuria ni aluminiamu. Haichomelewi kwa vijiti vyetu. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Wakacheka wote wawili. Kimya akauliza, macho kwenye ungo, "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Sasa niambie, hapo mtu anajibu nini? Mama Cheche alishakuwa yeye. Alishasimama mahali hapohapo, mshahara mnono upande huu, mtoto wa miaka mitatu upande ule, na alichagua. Neno lilimfika kwenye ulimi: mimi nilirudi kwa ajili yako. Akalimeza, likashuka na uchungu wake wote.

"Mimi sijui," akasema. "Mimi ni mzee."

Jumatatu akafundisha. Jumanne akafundisha. Wanafunzi kumi na wawili, wenye njaa ya kujifunza na njaa ya kawaida. Kila alipowatazama aliwaona wote wamekwisha kuondoka, wameacha mabenchi. Akawa anajiuliza maswali ambayo mwalimu hatakiwi kujiuliza. Kama ningefundisha vibaya, wangebaki? Kama nisingefundisha kabisa, Kicheko angekuwa anakaa hapa, hajui kitu, lakini mama yake hasukumi geti kwa bega? Ujuzi wote aliomwaga kwenye ule mji ulikuwa umeshuka na barabara kwenda kuwatajirisha waliokwisha tajirika, na mji ulibaki ulivyokuwa, ila una ngazi nzuri. Yalimchosha mawazo hayo kuliko kazi.

Jumatano mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Ilikuwa mvua ya kuendelea tu, haina haraka, hewa nzito mpaka nguo kwenye kamba zikawa mbichi kuliko zilipofuliwa. Wanafunzi aliwaruhusu mapema. Kimya alikuwa zahanati, ameenda kumrekebisha Mrefu mguu. Mama Cheche akafagia, akapanga koleo, akachukua mwavuli, akafika mlangoni.

Hakupanga. Alikuja kujiapia baadaye kwamba hakupanga, na mimi namwamini nusu. Kidole kilifika kwenye swichi ya Mzee kikaibonyeza. Tap. Taa nyekundu ikazima. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini ile taa nyekundu ilizimwa na mkono wa mtu. Halafu, na hapa ndipo siwezi kumtetea, akaufungua mlango wa oveni kidogo, upana wa kidole, akauacha hivyo.

"Simnyimi," alijiambia akitembea kwenye matope. "Namchelewesha tu. Miezi sita. Katika miezi sita makao makuu wataleta mkufunzi mwingine, ndipo aende." Kuchelewesha! Binadamu hatukosi neno zuri la jambo baya. Makao makuu hawakuwahi kuleta hata chaki bila kuandikiwa barua tatu, na yeye alijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kimya alirudi amelowa, jua linazama. Akavua viatu mlangoni.

"Mrefu amepona?"

"Amepona."

"Umechelewa."

"Nilipitia karakana. Nilisahau glavu."

Kijiko cha Mama Cheche kikasimama katikati ya sahani na mdomo. Alitaka kuuliza: ulimsalimia Mzee? Swali la kila siku, swali la utani. Lilikataa kutoka. Akamtazama binti, lakini kwa macho yale na kwa taa ile aliona umbo tu, linajifuta nywele kwa taulo. Kimya akala, akaosha vyombo, akasema lala salama. Basi hakugundua, Mama Cheche akajifariji. Amechukua glavu kwa haraka, mvua inamkimbiza. Moyo ulimtulia kidogo, halafu ukamuuma kwa sababu ulikuwa umetulia.

Asubuhi alipoamka, Kimya alikuwa ameshawasha jiko la mkaa. Alichuchumaa mbele yake, na juu ya moto kulikuwa na kitu, kopo au sufuria ndogo, Mama Cheche hakuona vizuri, aliona wekundu wa mkaa tu.

"Unapika nini asubuhi yote hii?"

"Napasha tu."

"Kula ushibe. Leo ni leo."

"Nitakula, mama mkubwa."

Yeye hakula. Alikimbia karakana roho mkononi, akafunga mlango wa Mzee, akawasha swichi, akasimama pale anasubiri bati lipate moto kama mwizi anayerudisha kitu kabla mwenyewe hajaamka. Saa nne mkaguzi kutoka jijini alipofika, paji la Mzee lilikuwa moto. Vilivyokuwa ndani, hilo lilikuwa jambo jingine. Vilikuwa vimelala mlango wazi mvua ikinyesha, na saa mbili tatu za moto mdogo zisingevisaidia kitu.

Mkaguzi alikuwa mtu mchangamfu, mwenye mkoba uliojaa fomu. Aliujua utaratibu. Akaweka kiganja.

"Mzee ana homa, mama!"

"Basi salama," akajibu Mama Cheche.

Kimya akaingia nyuma yake. Ovaroli safi, glavu, kinyago chini ya kwapa, kopo la vijiti begani. Kila mwanafunzi alikuwa na kopo lake, kipande cha bomba chenye kifuniko, amelitengeneza mwenyewe. Unalijaza vijiti vya moto kutoka kwa Mzee kabla ya kuanza. Kimya akampita Mzee moja kwa moja. Hakugusa. Mama Cheche aliliona hilo hata kwa macho yake mabovu, akadhani ni woga wa mtihani. Kisha mkaguzi akamtaka asaini daftari, akainamia kurasa, na alipoinuka Kimya alikuwa mezani, tayari.

"Vijiti unavyo?" mkaguzi aliuliza.

Kimya akaligonga kopo lake kwa vidole.

Mtihani wenyewe hauna maneno mengi. Unaunganisha mabamba mawili yawe moja. Mkaguzi anakata ukanda mwembamba uliopita katikati ya mshono, anauweka kwenye jeki, anaukunja mpaka ukae kama mpini wa ndoo. Ukipasuka, ukaonyesha ufa wa kuingiza ukucha, umeanguka, nenda nyumbani.

Kimya akashusha kinyago, akawasha. Mama Cheche akafumba macho, maana kwake kuona kulikuwa masikioni. Kijiti chenye unyevu kinalalamika. Kinakohoa, kinatema mate, kinarukaruka. Alisubiri kukohoa huko. Hakukusikia. Alichosikia ni mlio mmoja, laini, wa mfululizo, wa mafuta yaliyopata moto sawasawa. Kijiti cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Mungu wangu, aliwaza, imekuwaje? Au Mzee alivihifadhi? Au na masikio yangu nayo yameshakufa?

Ukanda ukakatwa, ukawekwa kwenye jeki. Mkaguzi akashika mpini, akaanza kusukuma. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Chuma kikaanza kuinama, na Mama Cheche akagundua kwamba anaomba. Anaomba kwa nguvu zake zote, midomo inacheza, na anachoomba ni kwamba usipasuke. Usipasuke, usipasuke, mwanangu asianguke. Hapo ndipo alipojiona alivyo mjinga. Alikuwa ametaka kitu usiku kucha, na kumbe hakukitaka hata kidogo. Aliona haya, akashika jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani.

Ukanda ukakunjika mpaka mwisho. Mkaguzi akauchukua, akausogeza dirishani, akaupitisha ukucha.

"Ala!" akasema. "Hata tundu la sindano hakuna. Nani kamfundisha huyu?"

Wanafunzi wakapiga makofi na vifuniko vya makopo. Kimya akavua kinyago, akamtazama mama yake mkubwa, akainamisha kichwa kidogo, basi.

Mkaguzi akatoa fomu yake. "Sasa, mama, takwimu. Wahitimu wangapi wameajiriwa?"

"Wote. Toa mmoja anayeuza soda."

"Hongera sana! Kituo chako kiko juu kuliko vyote." Akaandika. Kisha, kwa nia njema kabisa, akafunua ramani yenye rangi kuonyesha vipato vya watu, jijini kijani kibichi, na huku kwao nyekundu kama jipu. "Unaona? Ndiyo maana elimu ya ufundi ni muhimu. Watu wakipata ujuzi, kipato kinapanda."

"Kimepanda," alisema Mama Cheche. Aliweka kidole kwenye ile kijani. "Hiki hapa. Hawa ni wanafunzi wangu. Kwenye fomu yako, huulizi wameajiriwa wapi?"

Mkaguzi akaigeuza fomu, akaigeuza tena. "Haina sehemu ya wapi, mama."

"Nilijua," akasema, akamrudishia ramani yake.

Siku tatu zilizofuata Kimya hakutulia. Alimrudishia Kicheko bawaba yake, akaunga miguu ya Pacha palipoliwa na kutu, akapitia madirisha ya shule moja moja. Watu walimuuliza, mbona hutengenezi kitu chako? Akasema vipya vimetosha. Jumapili jioni, anapanga nguo mbili tatu kwenye begi, Mama Cheche alimuuliza yeye pia.

"Na kazi yako ya kuaga? Cheti cha daraja la kwanza sitoi hivihivi, hata kama wewe ni mwanangu."

"Nimeshaifanya."

"Iko wapi?"

"Utaiona."

Asubuhi stendi walisimama kando ya mizigo ya watu. Mama Cheche alikuwa amejiandaa. Alikuwa amejifunza maneno usiku: Jumatano ile, mwanangu, mimi nilifanya jambo. Akafungua mdomo. Kimya akamkumbatia kwanza, akamkumbatia kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko kawaida ya mtu asiye na makuu, akamwambia sikioni, "Macho, mama mkubwa. Nenda hospitali."

"Nitaenda."

"Usiseme nitaenda. Nenda."

Utingo akapiga kelele, mlango ukafungwa, na yale maneno yakabaki na mwenyewe.

Mwisho wa mwezi lori likaja na karani mwenye orodha. Wanafunzi kumi na wawili walikuwa wameambiwa wakasubiri nyumbani, watapangiwa kituo kingine, na mpaka wa leo nadhani wanasubiri. Wapakizi walibeba mashine, majiliwa, mabenchi ya kazi. Mama Cheche alisimama katikati akitia tiki anapoambiwa atie. Hakulia. Alikuwa amechoka mno kulia. Kulia nako kunataka mtu mwenye nafasi.

"Oveni moja," karani akasoma. "Mama, izime hiyo ipoe tuipakie."

Tangu asubuhi ile ya mtihani hakuwa ameigusa swichi. Ya nini? Mzee hazimwi. Akainama, akapeleka kidole ubavuni, na kidole hakikukuta swichi. Kilikuta chuma. Akapapasa. Kulikuwa na kikasha kidogo cha bamba, ukubwa wa kiberiti, kimefunikwa juu ya swichi ikiwa imewashwa, kikachomelewa pande zote nne. Hakikuwa na mlango wala tundu la kupitisha hata ncha ya msumari. Akapitisha kidole kwenye mshono, taratibu, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkono ule angeutambua kati ya mikono elfu.

Glavu. Kopo juu ya mkaa, "napasha tu". Kumpita Mzee bila kumgusa, kwa sababu alishamgusa jioni iliyotangulia akamkuta wa baridi, mlango wazi. Yote yalimjia kwa mpigo mmoja. Binti alijua. Alikula naye chakula cha usiku akijua, akaamka alfajiri kukausha vijiti vyake kwenye jiko la nyumbani akijua, akamkumbatia stendi akijua. Mama Cheche akakaa chini, kwenye sakafu, ovaroli na yote.

"Nani kafanya uhuni huu?" Karani alikuwa amechungulia. "Sasa hii inazimwaje?"

"Haizimwi."

"Mama, kila kitu kinazimwa."

"Hii haizimwi," akasema Mama Cheche. "Nenda kakate umeme wa jengo zima. Ila nipe dakika mbili."

Akatoa simu, akaisogeza puani, akatafuta jina. Ikaita mara nyingi. Ilipopokelewa, nyuma yake kulikuwa na mlio wa nyundo nyingi na sauti za wanaume.

"Mama mkubwa."

"Nimeiona kazi yako ya kuaga."

Nyundo tu, zinagonga.

"Imekaa sawa?" Kimya akauliza.

"Imekaa." Akaihamishia simu sikio la pili. "Nisamehe, mwanangu. Sikutaka ubaki kwa ajili ya kituo. Kituo nilikisingizia. Nilitaka usiniache."

Mama Cheche alimsikia Kimya akitembea, zile nyundo zikawa mbali, mlango ukafungwa, pakawa kimya kweli. Kisha alisikia pumzi ya mtu anayelia na hataki isikike.

"Mama mkubwa."

"Naam."

"Mzee ana homa?"

Akanyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye lile paji lililobanduka rangi.

"Anayo."

"Basi salama," alisema Kimya.

Nyuma ya jengo karani akakata umeme. Mama Cheche alibaki ameketi pale, simu sikioni, kiganja kwenye bati, mpaka likapoa.